Kabla hujasaini bima ya maisha hapa Kenya, uliza haya

Shida ya ajenti wa bima ya maisha ni kwamba mara nyingi ni mtu wako, binamu, mtu wa kanisani, mliosoma pamoja, sasa ukianza maswali inakaa ni kama humwamini. Uliza tu. Mimi nilimsainia binamu bila kusoma, mwaka wa pili kazi ikaisha nikashindwa na premiamu (ile pesa unalipa kila mwezi), nikaenda ofisini kudai changu nikaambiwa ukiacha kabla ya miaka mitatu hakuna kitu unapata. Na iko kwa mkataba kabisa, ni mimi sikufungua ukurasa wa nne.

Kwa hivyo swali la kwanza: nikiacha mwaka wa pili, wa tano, wa nane, narudishiwa ngapi? Akuandikie kwa karatasi ya kampuni, si WhatsApp. Kumbuka komisheni yake iko nono mwaka wa kwanza, ya baadaye inapungua, ndio maana haraka inakuwa mingi. Kwa ile hesabu anakuonyesha tenganisha pesa ya uhakika na bonasi za kukisia.

Halafu atakuambia unapunguziwa ushuru. Ni kweli, unapunguziwa 15% ya premiamu, na punguzo lenyewe mwisho ni 60,000 kwa mwaka. Ukilipa 5,000 kwa mwezi unaokoa 750 kwa mwezi, basi. Bima ya elimu ya mtoto lazima iwe ya miaka 10 kwenda juu ndio upate hilo punguzo.

Sasa kampuni yenyewe, hapa ndio watu wanaruka. IRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, inataka kampuni ya bima ya maisha iwe na mtaji usiopungua milioni 400, lakini hiyo haikuambii mengi, tafuta uwiano wa mtaji kwa hesabu za mwaka wanazochapisha gazetini. IRA inalenga 200%, yaani kama hatari walizobeba zinahitaji bilioni moja wawe na mbili. Usiangalie mwaka mmoja, weka mitatu kando kwa kando, ikiwa inateremka kila mwaka muulize ajenti kwa nini (atababaika, hajafunzwa hiyo). Na kama kampuni inauza pia bima ya magari, soma safu ya maisha peke yake.

Eti "sisi ndio namba moja sokoni"? Ripoti za IRA za kila robo mwaka zinaonyesha nani ana premiamu ngapi, ila sehemu kubwa ya hizo pesa ni pensheni na bima za vikundi vya waajiri, si watu kama wewe. Ukubwa huo hauonyeshi kama wanalipa fidia haraka.

Lipa kwa paybill ya kampuni, si namba ya ajenti hata akiwa binamu. Na mwambie mtu wa nyumbani karatasi ziko wapi, pesa zikikaa bila mwenye kuzidai zinapelekwa UFAA, mamlaka ya serikali inayoweka pesa zisizodaiwa, hapo familia ianze kuzifuata upya.