Somo: Kusoma misimbo ya taa ya injini nyumbani (soma lote kabla ya kuuliza)

Swali ni lile lile kila siku: "Taa ya injini imewaka, naifuta vipi?" Naliandika jibu hapa mara moja. Kufuta ni kazi ya mwisho.

1. Skana (kifaa cha kusoma misimbo, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari) ndogo ya Bluetooth aina ya ELM327 yatosha kwa simu ya Android. Mwenye iPhone anunue ya Wi-Fi au ya BLE (Bluetooth ya umeme kidogo), kwani ile ya Bluetooth ya kawaida haitaungana.

2. Tafuta tundu la pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Chomeka.

3. Fungua swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stati. Gari la kubonyeza: bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki.

4. Unganisha simu (namba ya siri huwa 1234 au 0000), fungua programu ya kusoma misimbo, soma.

5. ANDIKA KILA KITU KABLA YA KUFUTA. Hapa ndipo wengi huharibu. Pamoja na msimbo, kompyuta ya gari huhifadhi frizi fremu: hali ya injini wakati hitilafu ilipoonekana, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, kasi, joto la maji, mzigo, fueli trimu (asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza). Ukibonyeza kufuta, hiyo hupotea pamoja na msimbo, na hitilafu inayokuja na kwenda yaweza kukaa siku nyingi kabla ya kurudi. Piga picha kila ukurasa, pamoja na misimbo inayosubiri ambayo bado haijawasha taa. P0171 (hewa nyingi, petroli kidogo) iliyonaswa gari limesimama kwenye foleni ya feri Likoni, mizunguko 700, yaelekea ni hewa inayopenya. P0171 ile ile ikinaswa unapanda Nyali kwa mzigo, shuku filta au pampu ya petroli. Namba moja, kazi mbili tofauti.

Na fundi asichomoe betri kabla hujasoma. Hiyo nayo ni kufuta.

6. Msimbo hutaja saketi au dalili, hautaji kipuri cha kununua. P0135 ni saketi ya hita ya sensa ya oksijeni: yaweza kuwa fyuzi, waya, au sensa yenyewe. Hapa kwetu pwani anza na koneketa, maana hewa ya chumvi hula shaba. Zima gari, ifungue, angalia pini kwa tochi. Ukiona unga wa kijani, pulizia dawa ya kusafishia koneketa, iache ikauke kabisa, funga, pima tena. Kagua pia waya wa ardhi unaotoka betri kwenda kwenye bodi.

7. Rekebisha, futa, endesha, soma tena.

MASWALI

— Imeandika P0420. Nifute tu?
Hiyo ni katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) kutofanya kazi vyema. Rudi hatua ya 5. Gari gani, na frizi fremu inasemaje? Namba tupu haitoshi.

— Fundi wangu Changamwe huchomoa terminali na taa inazima. Skana ya nini basi?
Taa kuzima si gari kupona. Ikirudi, utamlipa tena kwa kazi ile ile.

— Shukran kwa somo. Nina P0171. Fueli trimu ya muda mrefu ni +22% ikiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), ila kwa mizunguko 2,500 hushuka hadi +5%. Kwa nini?
Swali zuri sana, ndugu yangu. Injini ikiwa sailensa huvuta hewa kidogo, kwa hiyo ile inayopenya pembeni huwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga mafuta, hewa halali huongezeka na uvujaji ule ule huonekana mdogo. Kagua mipira ya vakyumu, wa PCV (vali ya mvuke wa injini), wa busta ya breki, na gasketi ya manifodi. Gari likiwa limeegeshwa, bana mpira mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa huku ukitazama trimu ya muda mfupi. Ikishuka ghafla, umepata. Usipulizie petroli kutafuta uvujaji. Injini ya moto itaiwasha.

— Skana haiwaki kabisa.
Angalia fyuzi ya kiberiti cha sigara. Magari mengi hushiriki fyuzi hiyo. Kisha pima kwa mita kati ya pini 16 na 4: lazima upate volti za betri.

— Nimeosha injini kwa mashine, sasa inatetema na taa inapepesa. P0302 (silinda ya 2 haiwaki sawasawa).
Zima, usiendeshe. Taa inayopepesa ni petroli isiyoungua inayoingia kwenye katalisti na kuiunguza. Maji yameingia kisima cha plagi ya silinda ya 2. Injini ikipoa, toa koili, puliza hewa, kausha. Ikiendelea, badilishana koili ya 2 na ya 3: msimbo ukigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Usipogeuka, tazama plagi na injekta.

— Nyongeza yangu: msiache skana imechomekwa usiku kucha. Nyingine hula betri hata gari likiwa limezimwa.
Kweli kabisa, sheikh. Na uichomoe swichi ikiwa imefungwa.