Kupanga meseji za kumfuatilia mjamzito hadi chanjo za mtoto

Wengi huanza kwa kutafuta programu. Mimi huanza na tarehe: meseji nzuri ikifika wiki isiyo yake ni kelele tu.

Hatua ya 1. Muulize mama siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, ongeza siku 280, utapata makadirio ya kujifungua. Hapohapo omba ridhaa yake na uulize simu hiyo hushikwa na nani mwingine. Majibu ya vipimo, hasa VVU, hayaandikwi kwenye meseji hata kwa mafumbo.

Hatua ya 2. Jaza kalenda. Tangu 2016 WHO inapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki ya wajawazito: la kwanza ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ratiba ya nchi yako ikitofautiana, fuata hiyo. Kikumbusho kiende siku mbili kabla.

Hatua ya 3. Andika ndani ya herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Emoji moja tu hushusha kikomo hadi 70, nawe utalipia meseji mbili au tatu. Mfano:

"Mama, ukitokwa damu, ukiumwa kichwa sana na kuona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, nenda kituo cha afya sasa hivi. Usingoje kesho."

Mkunga aipitie kwanza.

Hatua ya 4. Panga nani anasoma majibu, zamu kwa zamu. Mama ataandika "natokwa damu" saa nane usiku, hata kama hukumwambia ajibu.

Hatua ya 5. Weka njia ya kusimamisha. Hapa ndipo nilipokosea. Orodha niliyoisimamia ilimtumia mama salamu za wiki ya 32, siku nne baada ya mtoto wake kufia tumboni. Sasa jedwali langu lina safu ya "hali". Muuguzi akiibadilisha, meseji zote hukoma papo hapo, na mtu humpigia mama simu. Pole ya namna hiyo haitumwi na mashine. Mama mwenyewe pia aweze kujitoa kwa kutuma neno moja, bila malipo.

Hatua ya 6. Akijifungua salama, hamisha kalenda kwenye tarehe ya kuzaliwa. Katika nchi nyingi za Afrika chanjo huja wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua kuanzia mwezi wa 9. Kwa njiti pia hesabu kuanzia siku aliyozaliwa, si siku aliyotarajiwa.