Kuchagua waridi linalohimili joto la Moshi na Arusha, hatua kwa hatua

Mteja akiingia kitaluni, macho yake huenda kwenye ua moja kwa moja. Simlaumu, ua ndilo linalouza. Ila kwa anayepanda Moshi, au sehemu kavu za Arusha, ua ni la kutazamwa mwisho. Tangulia na jani, shina na mizizi. Na ua lenyewe litazame saa nane mchana. Asubuhi kila waridi ni zuri.

Hatua ya 1: Jua joto la kwako

Moshi mjini ni mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Tofauti hiyo inatosha kugawa mawaridi makundi mawili. Mitaa ya Moshi kama Pasua au Majengo, mwezi wa Januari na Februari, mchana hupita nyuzi 30 na usiku haupoi vya kutosha. Tumba hukomaa mbiombio, ua linatoka dogo kuliko ulivyoliona kwenye picha, rangi inapauka, na petali zinaanza kupukutika wakati wageni hawajafika. Aina hiyo hiyo ukiipeleka Machame juu au Marangu inatoa ua kubwa lenye rangi nzito, kwa sababu tumba linajengeka polepole.

Arusha joto siyo tatizo lako kubwa. Jiandae zaidi na Juni hadi Agosti, usiku wa baridi unapoleta ubwiriunga, ule unga mweupe unaokunja majani machanga. Upande wa Kisongo, kwenye ukame na upepo, adui ni utitiri mwekundu, vijidudu vidogo mno vinavyofyonza majani.

Kwa hiyo ukisikia jirani anasifia waridi lake, muulize kwanza anakaa wapi.

Hatua ya 2: Usianzie kwenye shada

Watu wengi wanachukua shina la waridi kutoka kwenye shada la harusi, wanalikata vipande na kuvichomeka kwenye kopo. Vinaweza kuota, sikatai. Lakini maua hayo yamezalishwa yakae kwenye kitalu nyumba, kama yale yanayolimwa Usa River, ambako mtu anasimamia maji, mbolea na dawa kila siku. Aliyeizalisha aina hiyo alitaka shina refu lililonyooka na ua litakalodumu kwenye chombo baada ya safari ya ndege. Uvumilivu wa jani kwenye mvua ya masika na jua la Njoro ya Moshi haukuwa kwenye hesabu zake. Ukilipanda uani litatoa fimbo mbili tatu ndefu, ua moja juu, na chini patupu.

Kwa bustani unataka kichaka: matawi mengi kutoka chini, majani yanayofunika shina, maua yanayokuja kwa vichane.

Hatua ya 3: Soma kichaka kabla ya ua

Hapa usiwe na haraka. Shika jani lililokomaa. La kuhimili joto huwa nene kidogo, linang'aa kama limepakwa mafuta. Jani jembamba lisilo na mng'ao hupoteza maji haraka, na mchana utalikuta limelegea hata kama umemwagilia.

Halafu geuza jani uone chini. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi, gonga tawi kwa kidole mara mbili. Vumbi litaanguka. Subiri kidogo huku umeikazia macho: vumbi likianza kutembea, huo ni utitiri. Rudisha mche ulipoutoa, hata ukipunguziwa bei. Kwenye joto kavu utitiri huzaliana haraka mno, na mche mmoja unatosha kuambukiza bustani nzima.

Sasa ua. Hesabu petali kwa makadirio. Ua lenye petali tano hadi ishirini na tano hivi hufunguka vizuri kwenye joto na likichakaa linajidondosha lenyewe. Maua yenye petali arobaini na zaidi, yale yaliyojaa kama kabichi, yapelekee ndugu zako wa milimani. Waridi maarufu la Peace, lililoingia sokoni mwaka 1945, ni la kundi hilo: njano yenye kingo za pinki, zuri ajabu mahali penye ubaridi, lakini kwenye joto kali njano yake inafifia upesi.

Rangi nazo zina tabia zake. Nyekundu iliyokolea hufyonza joto na kingo za petali huungua, zikawa nyeusi na kukakamaa. Zambarau hafifu hugeuka kijivu. Nyeupe, pinki na rangi ya peachi husamehe zaidi.

Hatua ya 4: Majina ya kuulizia

Vitalu vingi vya kwetu vitakuambia "nyekundu", "nyeupe", "ya kupanda ukutani", basi. Hapo tumia hatua ya 3. Ukipata muuzaji anayejua majina, ulizia haya.

Iceberg, nyeupe, kutoka kwa Kordes, mzalishaji wa mawaridi wa Ujerumani, mwaka 1958. Ningeruhusiwa waridi moja tu kwa Moshi ningechagua hili. Linachanua vichane mfululizo, miiba michache, na jua halilisumbui. Kasoro yake ni madoa meusi ya majani wakati wa masika, kwa hiyo lisibanwe ukutani pasipo na hewa.

Knock Out, la mwaka 2000 kutoka Marekani, lilizalishwa kwa ajili ya watu wasiotaka kupiga dawa. Halina harufu ya maana, na umbo la ua ni la kawaida sana. Wapo wanaolidharau kwa sababu hiyo. Mimi nalipendekeza kwa shule, kanisa, na kila mahali ambapo bustani ni ya wote na haina mwenyewe.

Old Blush na Mutabilis ni mawaridi ya asili ya China, na jamii hiyo kwa ujumla inapenda joto. Mutabilis lina petali tano tu. Ua linafunguka la njano, linageuka pinki, linaishia jekundu la damu ya mzee, na kichaka kimoja kinabeba rangi zote kwa pamoja.

The Fairy, pinki, maua madogo, linafaa kando ya njia.

Ukishikilia nyekundu yenye harufu, jaribu Mister Lincoln la mwaka 1964, ila lipate kivuli cha mchana. Harufu yake ifuate mapema kabla jua halijapanda.

Hatua ya 5: Kagua mguu

Miche mingi ya waridi imebebeshwa: juu ni aina unayoitaka, chini ni shina la aina nyingine yenye mizizi imara. Mashamba ya Afrika Mashariki hutumia sana shina la Natal Briar. Tafuta kifundo karibu na udongo, pale aina mbili zilipounganishwa. Kiwe kimepona, kisiwe na ufa. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kifundo ling'oe, usilikate, maana litarudi na mwisho litaimeza aina uliyonunua.

Kama udongo wako ulikuwa shamba la nyanya, pendelea mche uliobebeshwa. Minyoo fundo hubaki ardhini na kutoa vinundu kwenye mizizi ya waridi. Na upande wa Arusha Chini, kusini mwa Moshi, penye udongo wa magadi, majani yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mmea unakosa chuma. Panda kwenye chombo chenye udongo ulioletwa.

Hatua ya 6: Jaribu, kisha panda

Nunua mche mmoja Desemba, uache kwenye ndoo yenye matundu pale pale unapotaka kupanda. Ukivuka Februari bila kudondosha majani, ongeza mingine na upande mvua za Machi zikianza.

Chagua upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi kwa muda wa saa sita hivi, kivuli baada ya hapo. Ukuta mweupe unaotazama magharibi utaichoma. Acha sentimita 60 hadi 90 kati ya miche, changanya samadi iliyooza, tandaza maganda ya kahawa au majani makavu ya migomba, na acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Maji yamwagwe chini, asubuhi, mengi kwa mara chache.