Somo: Asbestosi imeshatolewa, utajuaje hewa ya jengo iko salama watu warudi ndani?

Wadau habari zenu. Hili swali nimeulizwa mara nyingi sana mpaka nimeona niliandike mara moja likae hapa. Mafundi wamemaliza kutoa asbestosi (yale madini ya nyuzi nyembamba yaliyowekwa kwenye mabati ya paa na kuzungushiwa mabomba), wamefuta kila kitu, chumba kinang'aa, mwenye jengo anataka watu waingie kesho asubuhi. Je waingie? Mimi kazi yangu ndo hiyo, naingia mafundi wakishatoka nasema tayari au bado, na kitu kimoja ambacho naomba mkishike kabla ya vyote ni kwamba kupima hewa kunakuja mwisho, sio mwanzo. Ukipima hewa ya chumba kichafu ambacho vumbi lake limelala chini limetulia utapata namba nzuri sana, na hiyo namba haina maana yoyote.

Kwa nini? Nyuzi zinazohesabiwa maabara ni zile zenye urefu zaidi ya mikroni 5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), unene chini ya mikroni 3, na urefu angalau mara tatu ya unene. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70 hivi, sasa linganisha mwenyewe. Uzi wa namna hiyo ukirushwa unaelea masaa mengi, unashuka polepole, unatulia juu ya bomba, halafu wiki ijayo mtu anaburuta meza au anafungua dirisha unapanda tena. Na siku hiyo hakuna atakayekohoa wala kuwashwa macho. Kansa ya utando wa mapafu inayoletwa na asbestosi mara nyingi inajitokeza baada ya miaka 20 mpaka 40 au zaidi, kwa hiyo usisubiri mwili ukwambie.

Hatua ya 1: mpimaji ni wa nani

Mpimaji aitwe na alipwe na mwenye jengo, sio na mkandarasi aliyetoa asbestosi. Simaanishi wakandarasi wote sio waaminifu, wengi nafanya nao kazi vizuri tu, ila mtu mwenye gari la taka linamsubiri nje na kazi nyingine kesho hawezi kujikagua mwenyewe, na wewe usimuweke kwenye huo mtihani.

Hatua ya 2: zunguka nje kwanza

Chukua mpango wa kazi uone kilichotakiwa kutolewa ni nini na kimetoka chote? Hema la nailoni lililofunga eneo halijachanika? Mashine inayovuta hewa ndani na kuichuja bado inafanya kazi? Sehemu ya kuvulia nguo na kuoga ina maji? Mifuko ya taka yote imeondoka? Kama kuna mfuko hata mmoja bado uko ndani, mimi siingii.

Hatua ya 3: macho (hapa ndo kwenye kazi yenyewe)

Hii hatua watu wanaiharakisha na ndo inayoamua kila kitu. Chumba kiwe kikavu kabisa, maana vumbi likilowa linajificha, linaonekana kama doa tu. Unavaa barakoa na ovaroli kama fundi, unapanda ngazi, na unashika tochi kali. Usimulike ukuta moja kwa moja, laza tochi iwe karibu kugusana na ukuta ili mwanga upite juu juu, utaona kila punje inatoa kivuli chake. Ukuta ulioapa kwamba ni msafi unaugeukia na tochi ya ubavuni unakuta kama umemwagiwa unga.

Angalia juu ya mabomba, sio chini yake. Nyuma ya vishikio vya mabomba, ndani ya matundu ya skrubu, juu ya treya za nyaya, kwenye mikunjo ya nailoni sakafuni, na pale nailoni ilipounganishwa kwa teipu. Pitisha kidole chenye glavu kisha kiangalie. Kuna chumba cha boila nilikaa zaidi ya masaa matatu, kila kitu safi, nikaingiza kioo kidogo cha mkono nyuma ya bomba lililokaribia kugusa ukuta nikaona kipande cha lile lagi la zamani (vazi la asbestosi la kuzuia joto la bomba), kijivu, kama urefu wa kiganja, bado kimeng'ang'ania chuma na manyoya yake yananing'inia. Pampu ya hewa isingekiona kile hata siku moja maana kilikuwa kimetulia. Kingeamshwa na fundi bomba miaka miwili baadae, hana barakoa, hana habari.

Na jambo lingine, wasikubaliwe kupulizia ile gundi ya kufunga nyuso (yaani kuta, mabomba na sakafu) kabla hujakagua. Gundi ikishakauka inafunika kila kitu na wewe unakagua gundi.

Ukikuta uchafu unawaita wanasafisha tena, unarudia. Hakuna kusema "kidogo tu hiki".

Hatua ya 4: sasa hewa

Pampu zinavuta hewa kupitia filta ya milimita 25, zinawekwa sehemu mbalimbali kimo cha mtu anapopumulia. Kabla ya kuwasha unapima mwendo wa pampu na ukizima unapima tena. Lakini muhimu kuliko yote, LAZIMA hewa ichafuliwe makusudi. Uingereza mpimaji anapiga brashi kwenye nyuso ili chochote kilichobaki kiruke. Marekani, kwa kanuni za mashule zilizotokana na sheria ya AHERA ya 1986, wanatumia blowa ya kupeperushia majani kwenye kuta, dari na sakafu, halafu feni zinaendelea kuzungusha hewa wakati sampuli inachukuliwa. Ukimuona mpimaji anatega pampu kimya kimya anakaa pembeni na simu, muulize, "mbona hujasumbua hewa?"

Uingereza kiasi cha kawaida ni lita 480, yaani pampu ya lita 8 kwa dakika inakaa saa nzima. Filta inapigwa mvuke wa asetoni inakuwa angavu kama kioo, inawekwa chini ya maikroskopu, mchambuzi anahesabu nyuzi kwenye viduara 200, kila kimoja upana wa mikroni 100. Akipata nyuzi 20 kwenye viduara vyote hivyo, ukipiga hesabu kwa lita 480 unapata kama nyuzi 0.01 kwa kila mililita ya hewa, na huo ndo mpaka. Matokeo yanatakiwa yawe chini ya hapo. Jengo likifeli wanasafisha upya, unarudi kukagua kwa macho, halafu ndo unapima tena. Kuna wanaotaka kurudia pampu tu bila kusafisha mpaka ipatikane namba inayopita, hilo nalikataa kabisa.

Hatua ya 5: hema likishashushwa

Pita tena na tochi. Nailoni inapokunjwa inaweza kumwaga kilichokuwa kwenye mikunjo. Ukiridhika hapo ndo unaandika cheti, kila hatua na saa yake na sahihi, na mwenye jengo anabaki na nakala.

Karibuni maswali.

Swali: Mkuu asante kwa somo. Hiyo 0.01 ina maana bado kunaweza kuwa na nyuzi elfu kumi kwenye kila mita moja ya ujazo ya hewa? Mbona nyingi hivyo, kwa nini isiwe sifuri?

Jibu: Hesabu yako ni sahihi. Ila 0.01 sio kiwango cha kusema pumua tu haina neno, ni alama kwamba usafi umefanyika, na iko pale kwa sababu chini ya hapo njia hii ya kuhesabu haiaminiki vizuri. Chumba kilichosafishwa kweli mara nyingi tunahesabu nyuzi mbili tatu tu. Nikipata 19 cheti kinaruhusiwa kutoka, lakini mimi narudi kujiuliza zimetoka wapi.

Swali: Maikroskopu inajuaje huu ni uzi wa asbestosi na huu ni wa nguo?

Jibu: Hii ya kawaida haijui, inahesabu kila uzi wenye umbo hilo. Pia nyuzi nyembamba sana haizioni. Ukitaka uhakika ni maikroskopu ya elektroni, ndo wanayoitumia Marekani kwenye kazi kubwa za mashuleni, mpaka wao ni 70 kwa milimita mraba ya filta. Ni ghali na inachukua muda zaidi, ila kwa jengo la watoto mimi naishauri.

Swali: Naomba kuuliza, filta zetu zimerudi zimejaa vumbi, maabara wamesema haihesabiki, mkandarasi anasema ni saruji tu tuendelee. Tufanyeje?

Jibu: Hapana ndugu yangu, filta isiyohesabika ni kufeli. Inawezekana kweli ni saruji, lakini vumbi la kujaza filta lina maana chumba hakikusafishwa. Wasafishe.

Swali: Nina kile kifaa cha nyumbani cha kupima vumbi la hewani kinaonyesha kijani. Hakitoshi?

Jibu: Hakitoshi. Kinasoma chembe zote kwa pamoja, moshi, poda, mvuke, hakijui uzi. Kinaweza kuwa kijani na nyuzi zipo. Na kwa wanaotaka kusafisha wenyewe, tafadhali msitumie vakyumu ya nyumbani, filta yake inapitisha nyuzi na kuzitawanya chumba kizima. Kitambaa kibichi, ukishafutia kinaingia kwenye mfuko wa taka, hakifuliwi.

Swali: Sisi tumetoa mabati ya asbestosi ya paa, kazi ilikuwa nje hakuna hema. Tunapima hewa ipi?

Jibu: Nje upepo unapeleka kila kitu, pampu haitakwambia la maana. Nguvu yote ipeleke kwenye macho: mifereji ya maji ya paa, darini, kwenye mbao yalipokuwa yamepigwa misumari, na udongo chini ya ukingo wa paa upana wa mita mbili hivi. Vipande viokotwe kwa mkono vikiwa vimelowa, visifagiwe. Kama vumbi limeingia darini juu ya vyumba hiyo sasa ni ya ndani, funga dari, usiruhusu mtu kupanda, na uanze na hatua ya 1.