Maikrowevu inanuka dagaa? Fanya hivi

Yaani ukipasha dagaa au samaki mara moja tu, kesho yake hata chai ya maziwa inanukia shombo. Usianze kupuliza pafyumu humo ndani jamani, unafunika tu.

Kwanza chomoa kwenye umeme, toa ile sahani ya kioo na kile kiduara chenye magurudumu chini yake, osha vyote kwa sabuni, maana mchuzi mwingi huwa unajificha hapo kwenye magurudumu na watu hawapagusi kabisa. Halafu rudisha, weka bakuli la kioo lenye maji vikombe viwili, kamulia ndimu mbili na maganda utie humohumo, na kijiko cha mti kiwemo ili maji yasije yakafoka ghafla ukiyagusa. Washa dakika 4, usifungue, acha mvuke ukae dakika 10 ulainishe uchafu.

Ukifuta usisahau juu darini na kingo za mlango. Stiliwaya hapana, inachubua rangi.

Ikigoma, acha kisahani cha baking soda humo usiku kucha, asubuhi toa kabla hujawasha.