Kutunza na Kuuliza Orodha Iliyopangwa kwa Kugawa Nusu kwa Nusu

Tuchukue hesabu ya nauli za siku moja za matatu inayotoka kituo cha Railways, jijini Nairobi, kwenda Rongai, ambayo makanga wake hupokea nauli kwa simu. Jioni mwenye gari huuliza mambo matatu: ni abiria wangapi waliolipa shilingi 100 hasa, ni wangapi waliolipa kuanzia 70 hadi 150, na ni nauli ipi kubwa kuliko zote zilizo chini ya 100. Programu inayopitia malipo moja baada ya jingine itamjibu, ila italazimika kuyapitia yote upya kwa kila swali. Malipo hayo yakitunzwa kwa mpangilio, kutoka dogo hadi kubwa, kazi hiyo haihitajiki: unatazama lililo katikati, unaamua ni nusu ipi ya kuacha, kisha unarudia vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki. Hata orodha yenye vipengee 1,000,000 humalizika kwa ulinganisho 20 hivi, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576.

Wanafunzi wengi hufundishwa mbinu hii kama njia ya kujibu iwapo kitu kimo au hakimo, na kwa maoni yangu huko ni kuanzia mahali pasipofaa. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: thamani hii ikiingizwa katika orodha, itakaa nafasi gani bila kuvuruga mpangilio? Ukishaijua nafasi, kuwamo au kutokuwamo, idadi na jirani wa karibu vyote hupatikana kwa hesabu ndogo. Hii hapa fanksheni yake, yaani kipande cha programu chenye jina, kwa lugha ya programu ya Python:

```
def nafasi_kushoto(orodha, lengo):
    chini = 0
    juu = len(orodha)
    while chini < juu:
        kati = (chini + juu) // 2
        if orodha[kati] < lengo:
            chini = kati + 1
        else:
            juu = kati
    return chini
```

Tuifuate kwa kalamu. Nauli ni 50, 70, 70, 100, 100, 100, 150 na 300 (mvua ilikuwa imeanza, na anayeijua Nairobi hataishangaa hiyo 300). Nafasi huhesabiwa kuanzia 0, na lengo letu ni 100. Mwanzoni chini ni 0 na juu ni 8, hivyo kati ni 4. Hapo pana 100, ambayo si ndogo kuliko lengo, basi juu inashuka hadi 4. Sasa kati ni 2, penye 70, ambayo ni ndogo, basi chini inapanda hadi 3. Kati inakuwa 3 (alama `//` hugawa na kuacha sehemu ya desimali), penye 100 tena, na juu inashuka hadi 3. Mipaka miwili imekutana, na jibu ni 3, yaani nafasi ya 100 ya kwanza. Zingatia kwamba kitanzi, yaani sehemu ya `while` inayojirudia, hakikusimama kilipoiona 100 mara ya kwanza; kingesimama hapo, tungepata 100 ya katikati, isiyotuambia zimeanzia wapi wala zimeishia wapi.

Ndugu yake, nafasi_kulia, hutofautiana naye kwa alama moja tu: badala ya `<` katika sharti la ndani, unaandika `<=`. Kwa orodha ileile atarudisha 6, nafasi inayofuata 100 ya mwisho. Waliolipa 100 basi ni 6 kutoa 3, yaani watu 3. Waliolipa kuanzia 70 hadi 150 ni nafasi ya kulia ya 150, ambayo ni 7, kutoa nafasi ya kushoto ya 70, ambayo ni 1: watu 6. Na nauli kubwa kuliko zote zilizo chini ya 100 iko nafasi moja kabla ya 3, nayo ni 70. Katika swali hili la mwisho kuna mtego: jibu la kushoto likiwa 0, hakuna kilicho chini ya lengo, na ukitoa 1 utapata -1, nafasi ambayo Python huielewa kuwa kipengee cha mwisho. Programu haitalalamika, itamwambia mwenye gari 300, naye ataamini. Hakikisha kwanza kwamba nafasi si 0.

Katika kazi ya kila siku huna haja ya kuyaandika haya mwenyewe, kwa kuwa moduli ya `bisect` inakuja pamoja na Python, ikiwa na `bisect_left` na `bisect_right`. Wanaotumia lugha ya Java wajue kwamba kujumlisha chini na juu kunaweza kuvuka 2,147,483,647, nambari kubwa kuliko zote ambayo aina yake ya `int` hubeba, na kugeuka hasi. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza kwamba dosari hiyo ilikuwamo katika msimbo aliouandika yeye mwenyewe kwa ajili ya maktaba ya Java. Dawa yake ni kuandika `chini + (juu - chini) / 2`.

Tukirudi kwa Python, kuingiza malipo mapya hufanywa kwa `insort` ya moduli ileile ya `bisect`, ambayo hutafuta nafasi kisha hupachika. Kutafuta ni kwepesi, lakini kupachika hulazimisha kila kilicho mbele kisogee hatua moja, jambo lisilosumbua kwa nauli za matatu moja ila linaloonekana wazi malipo yanapofika mamia ya maelfu. Ukipokea malipo mengi kwa mkupuo, yaongeze yote mwishoni, kisha upange mara moja kwa `sort`: mbinu ya kupanga ya Python, iliyobuniwa na Tim Peters mwaka 2002, hutambua sehemu ambazo tayari zimepangwa na haizipangi upya.

Dosari iliyowahi kunipotezea jioni nzima ilikuwa ndogo kuliko hizi zote. Nilisoma nauli kutoka faili nikasahau kuzigeuza ziwe nambari, nazo zikabaki maandishi. Orodha ilikuwa imepangwa, lakini kwa herufi, na kwa herufi "100" hutangulia "70" kwa sababu 1 hutangulia 7. Nilipozigeuza ziwe nambari baadaye bila kupanga upya, utafutaji ulirudisha majibu yaliyoonekana kuwa ya kweli, kumbe si sahihi. Tangu hapo, kabla ya swali la kwanza, programu zangu za majaribio hupitia orodha mara moja na kuhakikisha kwamba hakuna kipengee kilicho kidogo kuliko kilichokitangulia.