Kompyuta Inapokutoa Punde Tu Unapoingia Baada ya Kuondoa Virusi

Hali hii huwapata wengi siku ileile waliyodhani kwamba shida imekwisha. Antivirusi imepata programu hasidi na kuifuta, kompyuta imezimwa na kuwashwa tena, nywila inakubaliwa bila tatizo, kisha kabla ya picha ya mezani kuonekana unarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia, na ukijaribu tena mambo ni yaleyale. Ukiipeleka mashine hiyo kwa fundi mwenye haraka katikati ya jiji la Nairobi, huenda ushauri wa kwanza ukawa kuifomati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Nakusihi usikubali upesi hivyo, kwa kuwa mara nyingi faili zako zote ziko salama na kilichoharibika ni mstari mmoja tu wa maandishi.

Nywila ikishakubaliwa, sehemu ya Windows iitwayo Winlogon husoma katika rejista ya mfumo (registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows) jina la programu inayopaswa kufuata. Kwa kawaida programu hiyo ni userinit.exe, ambayo hutayarisha akaunti yako na kuiita explorer.exe, ile inayokuletea meza, aikoni na menyu. Watunzi wa programu hasidi wanaijua njia hii vizuri, na baadhi yao huandika jina la faili lao mahali pa userinit.exe ili liamshwe kila mtu anapoingia. Antivirusi ikifuta faili hilo bila kurekebisha maandishi, Windows huendelea kutafuta kitu ambacho hakipo tena, hukikosa, na kukutoa. Hii ndiyo sababu hata Safe Mode, yaani kuwasha Windows ikiwa na vitu vya msingi tu, haisaidii hapa: mstari unaosomwa ni uleule.

Kabla ya kugusa chochote, chomeka chaja, kwani stima ikikatika katikati ya kazi hii unaweza kuharibu rejista yenyewe. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofumba data iliyomo, utahitaji pia ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft na unaweza kuusoma kwa simu. Kwa kompyuta ya kazini, uulize idara ya teknolojia.

Ukiwa kwenye ukurasa wa kuingia, bofya alama ya kuzima, shikilia kitufe cha Shift, kisha uchague Restart. Katika ukurasa wa buluu utakaofunguka, chagua Troubleshoot, halafu Advanced options, halafu Command Prompt, dirisha la kuandikia amri. Kwanza tambua herufi ya diski yenye Windows yako kwa kuandika dir C:\Users. Usipoona jina la akaunti yako, jaribu D: au E:, maana katika mazingira haya ya ukarabati herufi hubadilika. Kisha nakili rejista kwenye fleshi kabla ya kuihariri. Ikiwa Windows iko kwenye C: na fleshi imepewa herufi E:, amri ni copy C:\Windows\System32\config\SOFTWARE E:\ na ikimalizika utakuwa na kitu cha kurudishia endapo utakosea.

Sasa andika regedit, programu ya kuhariri rejista. Hapa ndipo penye mtego: rejista unayoiona mara tu dirisha linapofunguka ni ya mazingira ya ukarabati, wala si ya kompyuta yako, na ukiirekebisha hakuna kitakachobadilika. Bofya HKEY_LOCAL_MACHINE, nenda kwenye File, chagua Load Hive (pakia faili la rejista), ufungue faili SOFTWARE lililomo ndani ya Windows\System32\config katika diski uliyoitambua, kisha ulipe jina lolote la muda, kwa mfano UKARABATI. Chini ya jina hilo fuata Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, hadi Winlogon. Thamani ya Userinit inapaswa kuwa C:\Windows\system32\userinit.exe, pamoja na koma mwishoni, na herufi ibaki C: hata kama mazingira ya ukarabati yanaiita diski hiyo D:. Thamani ya Shell inapaswa kuwa explorer.exe peke yake. Jina jingine lolote lililoongezwa hapo, liondoe.

Usifunge bado. Katika CurrentVersion hiyohiyo kuna folda iitwayo Image File Execution Options. Ukikuta ndani yake userinit.exe au explorer.exe yenye thamani iitwayo Debugger, ifute thamani hiyo, kwa sababu ni mlango mwingine unaotumiwa kuelekeza programu halali kwenye faili la mhalifu. Ukimaliza, bofya UKARABATI, chagua File, kisha Unload Hive, na uiwashe kompyuta upya.

Ikiwa bado inakutoa, yawezekana userinit.exe yenyewe ilifutwa. Rudi kwenye Command Prompt na uandike sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows, ukibadilisha herufi inapobidi, ili Windows irudishe mafaili yake halisi.

Anayeingia na kubaki na skrini nyeusi ana kazi nyepesi zaidi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua Run new task, uandike explorer.exe, kisha ukirekebishe kipengele cha Shell kwa regedit ukiwa ndani ya mfumo wenyewe.

Ukishaingia, usiharakishe kufungua eCitizen (huduma za serikali), iTax (kodi) au akaunti ya benki kwenye mashine hiyo. Ikague kwanza yote kwa antivirusi iliyosasishwa. Kisha, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini, badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine zote, kwa kuwa anayeishikilia barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za huduma nyingine, na uiondoe akaunti hiyo (Sign out) kwenye vifaa vyote ilikofunguliwa. Hata hivyo, ikiwa virusi vilivyopatikana ni vya aina inayompa mtu wa mbali uwezo wa kuiendesha kompyuta yako, ukarabati huu utumie kuokoa faili zako tu. Baada ya hapo kufomati ni jambo la lazima, na fleshi iliyobeba faili hizo ikaguliwe kabla ya kuchomekwa kwenye mfumo mpya.